Mzazi Mbele ya Mahakama ya Watoto: Uhakiki wa Mahubiri Yetu juu ya Mtoto Aliyepotoka

1. Utangulizi

Mahubiri juu ya malezi husikika katika sharika zetu kila mwaka: siku ya Mikaeli na Watoto, siku ya Kipaimara, katika semina za ndoa na katika mikutano ya akina mama. Karibu yote humlenga mzazi ambaye mtoto wake bado yuko nyumbani, anatii kiasi, na ambaye yafaa aonywe mapema. Lakini yuko mzazi mwingine ambaye mahubiri hayo ama humpita ama humwangukia kama jiwe. Huyu ni yule ambaye mtoto wake wa miaka 14 au 16 amekamatwa kwa wizi, kwa bangi au kwa kumjeruhi mwenziwe, naye mzazi anakwenda kituo cha polisi, mahabusu ya watoto na mahakamani, tarehe baada ya tarehe. Jumapili anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki yale ambayo mimbari zetu humwambia mzazi huyo. Hatumhakiki mhubiri fulani, bali desturi ya kuhubiri ambayo wengi wetu tumeirithi na ambayo wanafunzi wetu wa theolojia huichukua bila kuipima. Hoja yetu ni kwamba desturi hiyo husoma Maandiko kwa namna inayomhukumu mzazi mahali ambapo hata sheria ya nchi haijamhukumu, na kwamba inapotaka kumfariji humpa fungu la Maandiko lisilolingana na hali yake. Kosa hili si dogo. Linagusa msingi wa theolojia yetu ya Kilutheri, yaani kupambanua Sheria na Injili.

2. Mzazi katika sheria ya nchi

Kabla ya kuihoji mimbari, yafaa tujue mzazi huyu anapitia njia gani. Wazo la kumtenga mtoto na mahakama ya watu wazima si la kale sana. Mahakama ya kwanza ya watoto katika Marekani ilifunguliwa Chicago mwaka 1899. Tanganyika ilipata sheria yake ya watoto na vijana mwaka 1937, wakati wa utawala wa Waingereza, na sheria hiyo ilidumu Tanzania Bara hadi ilipofutwa na Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011. Nyuma ya sheria hizi upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na unaotaka kifungo cha mtoto kiwe hatua ya mwisho kabisa, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo.

Kwa mujibu wa sheria ya Bara, mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Aliye chini ya miaka 10 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia ya jinai. Aliye chini ya miaka 12 hahesabiwi hivyo mpaka ithibitike kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa analotenda ni kosa. Mahakama ya watoto hukaa faragha. Afisa ustawi wa jamii huwapo, na mzazi au mlezi hutakiwa kuwapo. Jina la mtoto halitangazwi. Akitiwa hatiani hapelekwi gerezani kutumikia kifungo; panapohitajika azuiliwe, hupelekwa shule ya maadilisho.

Huo ndio mpango. Utekelezaji wake ni mzigo mwingine. Mahabusu za watoto ziko katika miji michache, k.m. Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya. Shule ya maadilisho kwa miaka mingi imekuwa moja tu, ile ya Irambo mkoani Mbeya. Ukaguzi wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 2011, ulikuta watoto wakishikiliwa katika magereza ya watu wazima. Mama wa Kigoma au Bukoba ambaye mwanawe amepelekwa Irambo anahesabu nauli, siku za njiani, na wadogo watakaobaki nyumbani. Tukisema kwamba mzazi “amemtupa” mtoto wake kwa sababu haonekani kumtembelea, yatupasa kwanza tuulize nauli ni kiasi gani.

Tuangalie pia nafasi ambayo sheria inampa mzazi. Anaarifiwa mtoto anapokamatwa. Anaweza kuwa mdhamini. Anasimama karibu na mtoto wakati shauri linaposikilizwa. Anaulizwa na afisa ustawi habari za nyumba yake: nani anaishi humo, nani anakunywa, nani alimlea mtoto na mpaka lini. Mahakama yaweza hata kumwamuru alipe faini au fidia badala ya mtoto. Basi mzazi ni msaidizi, shahidi na nusu mshitakiwa kwa wakati mmoja. Hata hivyo sheria haianzi kwa kudhani kwamba yeye ndiye aliyekosa. Inauliza kwanza. Jambo hili tulikumbuke, kwa maana mimbari mara nyingi haiulizi.

3. Methali na Mithali

Katika Kiswahili jina la kitabu cha Mithali na jina la methali za wazee wetu ni neno moja lenye irabu mbalimbali. Ukaribu huo umemrahisishia mhubiri kazi, nao umemponza. Huanza na fungu kutoka Mithali, akaliunga na samaki mkunje angali mbichi, akapita kwenye mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, akamaliza na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Msikilizaji haoni tena mahali Neno linapoishia na msemo unapoanzia. Vyote vinamfikia kama amri moja ya Mungu, na hukumu moja: mwanao yuko mahabusu kwa sababu wewe hukumkunja.

Tuna mambo matatu ya kusema hapa. Kwanza, ni juu ya aina ya maandishi. Mithali ni hekima. Yanaeleza yale ambayo kwa kawaida hutokea katika maisha ya wanadamu, wala si ahadi ya agano kwamba lazima yatokee kwa kila mtu. Kitabu chenyewe kinatufundisha hivyo. Katika Mit. 26:4–5 mashauri mawili yanayopingana juu ya kumjibu mpumbavu yamewekwa pamoja, moja chini ya jingine, ili msomaji apambanue ni lini lifuatwe hili na lini lile. Anayeligeuza fungu la Mit. 22:6 kuwa hati ya dhamana, kwamba mtoto aliyefunzwa vema hawezi kupotoka, amelitendea jambo ambalo kitabu hakikukusudia. Tena Kiebrania cha fungu hilo husema juu ya njia ya mtoto mwenyewe, na wafafanuzi tangu zamani hawakukubaliana kama maana yake ni njia impasayo au njia aipendayo.

Pili, methali zetu hazina sauti moja. Wazee waliosema asiyefunzwa na mamaye ndio waliosema pia kwamba mkono mmoja haulei mwana. Ndio waliosema mchuma janga hula na wa kwao, methali ambayo yaeleza hali ya mzazi wa mahakamani kuliko nyingine zote: mtoto amechuma, nyumba nzima inakula. Methali hiyo haimlaumu mzazi. Inashuhudia tu kwamba maumivu hayabaki kwa mkosaji peke yake. Kwa nini basi mimbari huchagua zile za lawama na kuziacha hizi? Na katika zile za lawama, kwa nini anayetajwa ni mama, hali baba aliyekwenda mjini miaka 9 iliyopita hana methali yake?

Tatu, ni juu ya fimbo. Mit. 13:24 huhubiriwa kana kwamba mtoto aliyefika mahakamani ni yule ambaye hakuchapwa. Mwenye kuzungumza na maafisa ustawi atasikia pia habari za kinyume: wapo watoto waliokimbia nyumbani kwa sababu ya kipigo, na wizi wa kwanza ukawa wizi wa chakula. Luther mwenyewe, katika mazungumzo yake ya mezani, alisimulia jinsi mama yake alivyompiga mpaka damu ikatoka kwa ajili ya jozi moja, na jinsi kipigo cha baba yake kilivyomfanya amkimbie. Naye akashauri kwamba kando ya fimbo liwekwe tofaa. Sheria ya Mtoto nayo inakataza adhabu isiyolingana na umri wa mtoto na hali ya mwili na akili yake. Mhubiri anayemwambia mzazi mwenye uchungu kwamba alipungukiwa na fimbo yamkini anamwambia aongeze kile kile kilichomfukuza mtoto.

4. Eli, Samweli na Daudi

Mfano upendwao wa Agano la Kale ni Eli. Hofni na Finehasi walipotoka, baba hakuwazuia, nyumba yake ikahukumiwa (1 Sam. 2–3). Hatukatai uzito wa habari hii. Lakini twaona kwamba mhubiri hufunga Biblia kabla ya kufika sura ya 8. Huko tunasoma kwamba wana wa Samweli, Yoeli na Abia, nao walipokea rushwa na kupotosha hukumu. Samweli ni yule yule aliyepewa ujumbe wa kumhukumu Eli. Ni mtu ambaye katika sura ya 12 anawasimamisha watu wote wamshuhudie kama aliwahi kumdhulumu yeyote, nao wakakiri kwamba hakumdhulumu mtu. Maandiko hayamlaumu kwa ajili ya wanawe hata kwa neno moja. Basi kitabu kimoja kinaweka mbele yetu baba aliyeadhibiwa kwa sababu hakuzuia, na baba ambaye wanawe walipotoka pasipo yeye kushitakiwa. Anayemhubiri Eli pasipo Samweli amehubiri nusu ya ushuhuda.

Zaidi ya hayo, Isa. 1:2 inamweka Mungu mwenyewe katika nafasi ya mzazi aliyelea wana nao wakamwasi. Ikiwa uasi wa mtoto ni uthibitisho wa malezi mabaya, tutasema nini juu ya fungu hilo? Na Eze. 18 inakataa waziwazi kwamba baba auchukue uovu wa mwana. Wanafunzi walipomwuliza Yesu juu ya kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, alilikataa swali lenyewe (Yn. 9:2–3).

Kumb. 21:18–21 nayo hutajwa, mara nyingi kwa vitisho. Ni fungu gumu, wala hatutaki kulifanya laini. Lakini lisomwe kwa makini. Baba peke yake hapewi mamlaka juu ya uhai wa mwanawe, kama ilivyokuwa katika sheria ya kale ya Warumi. Ni lazima baba na mama waje pamoja, tena shauri lipelekwe kwa wazee langoni. Hasira ya nyumbani inaondolewa nyumbani na kuwekwa mbele ya baraza. Marabi waliliwekea fungu hili masharti mengi hata baadhi yao wakafundisha kwamba mwana wa namna hiyo hakuwahi kuwapo. Katika ukali wake, fungu hili lina mbegu ya jambo ambalo mahakama ya watoto inalihitaji: kwamba mzazi asiwe hakimu wa mwanawe.

Mfano tunaoutamani usikike zaidi ni Daudi na Absalomu. Daudi ni mfalme, naye ana wajibu wa kuuzima uasi. Daudi ni baba, naye anawaagiza majemadari wamtendee kijana kwa upole (2 Sam. 18:5). Jeshi linatoka na kijana anakufa. Baba analia juu ya lango, na Yoabu anamkemea kwamba machozi yake yanawaaibisha waliompigania (2 Sam. 19:5–7). Yoabu hakukosea kuhusu ufalme, wala Daudi hakukosea kulia. Mzazi aliyeshuhudia mwanawe akitiwa hatiani kwa haki yuko pale pale kati ya Daudi na Yoabu: anajua kwamba hukumu ni ya kweli, na moyo wake haukubali. Kanisa lisilo na nafasi kwa machozi ya namna hiyo limemwachia Yoabu ibada yote.

5. Faraja isiyolingana: Luka 15 na Marko 9

Mhubiri mpole, asiyependa kulaumu, humpelekea mzazi huyu Lk. 15:11–32. Mngoje, asema, kama baba wa mwana mpotevu. Siku moja atarudi. Nia ni njema, lakini tulinganishe. Mwana wa Luka 15 si mtoto wa miaka 15. Ni kijana aliyekwisha kupokea urithi na kusafiri kwa hiari yake. Alitumia mali iliyokuwa fungu lake, hakuna jirani anayedai kuibiwa. Anarudi kwa miguu yake. Baba yake ana shamba, ana watumishi, ana pete na ndama aliyenona. Ana uwezo wa kungoja, kwa kuwa hakuna anayemwita popote.

Mzazi wetu ameitwa tarehe 12, saa 3 asubuhi. Hawezi kungoja nyumbani. Sheria inamtaka awepo. Mtoto wake hawezi kurudi kwa miguu yake. Mlango umefungwa kwa ufunguo wa serikali. Na yuko mtu mwingine kabisa ambaye mfano wa Luka hauna: yule aliyeibiwa au kujeruhiwa, naye ana mama yake. Kwa hiyo Luka 15 inabaki kuwa Injili ya moyo wa Mungu kwa wenye dhambi, na hatungependa ipungue neno. Lakini si kielelezo cha kazi ya mzazi katika wiki ya mahakama.

Twapendekeza Mk. 9:14–29. Baba huyu hakungoja, amemleta mwanawe. Amewafikia kwanza wanafunzi, nao wameshindwa. Waandishi wanabishana. Umati unatazama. Yeyote aliyewahi kusimama na mzazi katika ujia wa mahakama anaitambua picha hii. Yesu anauliza swali moja la historia, ni tangu lini, naye halifuatishi kwa lawama. Na baba anapoomba haombi kwa ajili ya mtoto peke yake: katika Kiyunani cha aya ya 22 anaomba msaada na huruma kwa wingi, yaani kwa ajili yao wote. Hajitengi na mwanawe ili aonekane safi. Kisha, akiambiwa juu ya imani, anakiri papo hapo kwamba anayo na kwamba imepungua. Bwana hakumrudisha nyumbani mpaka imani yake itimie.

Hapa tahadhari inahitajika. Hatusemi kwamba kijana aliyevunja sheria ana pepo. Usomaji wa namna hiyo umekwisha kuwadhuru watoto wengi, nao humwondolea kijana wajibu wa kukiri alilotenda. Tunalolichukua kutoka Marko 9 ni nafasi ya baba, si maelezo ya ugonjwa wa mwana.

6. Sheria na Injili katika ushirika

Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, anapoieleza amri ya nne, anafundisha kwamba mamlaka nyingine zote zimetoka katika mamlaka ya wazazi: baba asipoweza kumlea mwana peke yake humtafuta mwalimu, na akiwa dhaifu mno huomba msaada wa rafiki na jirani. Kwa mafundisho haya, afisa ustawi na hakimu wa mahakama ya watoto si adui wa mzazi wala dalili kwamba ameshindwa kabisa. Ni mikono mingine ya kazi ile ile, ambayo Mungu ameiweka katika utawala wake wa kidunia. Mkristo anaweza kwenda mahakamani pasipo aibu ya kiimani.

Kutokana na hayo twaona makosa mawili yanayotendeka. La kwanza ni ushirika kujifanya mahakama ya pili. Katika baadhi ya sharika mzazi huondolewa kwaya au uzee wa kanisa mara mwanawe anapokamatwa, kwa kutumia 1 Tim. 3:4–5, hata kabla ya shauri kusikilizwa. Fungu hilo linataka tuangalie jinsi mtu asimamiavyo nyumba yake. Na mzazi anayemfuata mwanawe kila tarehe, akisema kweli mbele ya hakimu, anaisimamia nyumba yake katika saa iliyo ngumu kuliko zote. Tena mahakama hukaa faragha na kulificha jina la mtoto, hali jina hilo hilo hutajwa katika matangazo au katika maombi ya wazi. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilinde siri ambayo mimbari inaitangaza.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza: ushirika kuibatilisha mahakama. Wazee hukutana na familia mbili, mbuzi au fedha hutolewa, shauri humalizwa “kifamilia”. Katika ugomvi mdogo upatanisho ni jambo jema. Lakini pale aliyeumizwa ni msichana aliyenajisiwa, amani ya namna hiyo inanunuliwa kwa maumivu yake yeye ambaye hakuulizwa. Hiyo si Injili. Ni ile neema rahisi ambayo Dietrich Bonhoeffer aliikemea mwaka 1937, yaani msamaha pasipo toba. Inamdhuru pia kijana mwenyewe, kwa kuwa anajifunza kwamba kosa lina bei na baba atalipa.

Kupambanua Sheria na Injili hapa kuna maana ya wazi. Mahakama iachwe iseme neno la Sheria juu ya tendo. Kanisa lisiliongezee wala lisilipunguze, bali liseme kwa kijana na kwa mzazi neno ambalo mahakama haina uwezo wa kulisema, kwamba dhambi inasamehewa kwa ajili ya Kristo, na kwamba hukumu ya hakimu si neno la mwisho juu ya mtu aliyebatizwa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba desturi yetu ya kuhubiri inachanganya methali na amri, inasoma Eli bila Samweli, na inatoa Luka 15 mahali panapohitaji Marko 9. Uhakiki usioishia katika kazi hauna faida, kwa hiyo tunaweka mbele ya wasomaji wetu, hasa ndugu wachungaji na wanafunzi walio karibu kubarikiwa, mambo machache.

Mchungaji aijue mahakama ya watoto ya wilaya yake na afisa ustawi wake kwa jina kabla ya siku ya kuhitajiwa. Mzazi asiende tarehe ya kwanza peke yake. Mzee mmoja wa kanisa akae naye, bila maneno mengi. Mfuko wa diakonia uwe na fungu la nauli ya kumtembelea mtoto aliye mbali. Jina la mtoto lisitajwe hadharani. Familia ya aliyekosewa nayo itembelewe, tena itembelewe kwanza. Na kijana atakaporudi, Kipaimara alichokiacha katikati akiendeleze pamoja na wenzake, si katika chumba cha peke yake. Hayo yote ushirika wa vijijini wenye sadaka ndogo unayaweza.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na mzazi ambaye zamani alisikiliza shauri la mwanawe likiandikwa kwa lugha asiyoijua anaweza sasa kuelewa yanayosemwa juu yake. Anaelewa pia, kama alivyoelewa siku zote, kila neno linalotoka mimbarini. Wahubiri wajipime kwa hilo Jumapili ijayo, wakikumbuka benchi la nyuma.